Siku Bibi Alipolala Kwenye Machela ya Baba

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Iringa na mume wangu na watoto kwenda Mbeya kumsalimia mama. Nikasimama Mafinga, pale misonobari inapoisogelea barabara, ili wanangu wanyooshe miguu. Kulikuwa na vijana wawili, mke na mume kwa kuwatazama, wameegesha gari lao pembeni. Walikuwa wamefunga kitanda cha kitambaa, kamba ya huku kwenye keria ya gari, ya kule kwenye mti, na yule dada amejilaza ndani yake anatafuna karanga. Binti yangu akaniuliza yule mtu amelala kwenye nini. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ile ni machela. Neno hilo halikuwa limetoka kinywani mwangu kwa miaka mingi, na lilipotoka lilikuja na vumbi la Ubaruku, harufu ya mchele mpya, na sauti ya baba akikohoa chini ya lori.

Kama nawe ulikulia karibu na mashine za mpunga, huenda unajua ninachosema. Kama hukukulia huko, kaa nikusimulie.

Baba alikuwa dereva. Wazee wake walifika Mbeya kutoka pwani na biashara ya vitambaa, wakanogewa na baridi wakabaki, na sisi tukazaliwa hapo hapo mjini, mtaa wa Ilomba. Alikuwa na lori lake mwenyewe, kuukuu, bodi ya mbao iliyopakwa rangi ya buluu ambayo kila mwaka aliirudia upya. Shule zikifungwa mwezi wa sita alinipandisha mbele, mimi mwanawe wa kwanza, akaniteremsha Ubaruku kwa bibi mzaa mama, kisha yeye akaenda mashineni kupakia mchele wa kupeleka Iringa.

Ubaruku wakati wa mavuno hakukuwa na mtu mvivu. Asubuhi nilimsaidia bibi kutandika turubai uani, tukamwaga mpunga, nikawa natembea juu yake peku kuugeuza, nyayo zinawasha mpaka zinazoea. Kuku na ndege walikuwa kazi yangu pia; nilipewa debe na kijiti, nikawa nagonga mpaka masikio yanavuma. Mchana tulikula wali wa mpunga mpya, ule unaonukia mpaka kwa jirani, na kambale wa mfereji aliyekaushwa kwa moshi. Bibi alikuwa na msemo wake kwamba wali mpya hauhitaji mboga, unahitaji mdomo uliofanya kazi.

Mashineni malori yalipanga foleni siku mbili, hata tatu. Hakuna mti wa maana pale, jua ni lile la bondeni, na kivuli pekee kilikuwa chini ya magari. Hapo ndipo baba alipofungua machela yake. Aliishona mwenyewe kwa kipande cha turubai na sindano ya magunia, akapitisha kamba nene kwenye pindo, akawa anaifunga kwenye chesisi, ncha moja karibu na kabini na nyingine karibu na magurudumu ya nyuma. Akishaswali adhuhuri alijiviringisha ndani yake kama mtoto mgongoni, na pumba zikawa zinamwangukia polepole. Alikuwa na sheria moja: anayelala chini ya gari ndiye anayeshika ufunguo, asije mtu akaliwasha juu yake. Nilipomwomba nilale mimi, alinivika ufunguo shingoni kwanza, kisha akaninyanyua. Nililala nikitazama tumbo la lori, mafuta yaliyogandia kwenye vyuma, na miguu ya watu ikipita. Sijawahi kulala kitanda kizuri kuliko kile.

Bibi hakuipenda. Aliniambia kwamba utotoni mwake machela ilikuwa ya wagonjwa. Wanaume wanne walibeba mti mabegani, mgonjwa ananing'inia katikati, wanapanda naye milima kutafuta hospitali ya misheni. "Niliona wengi wakienda," alisema, "na wachache wakirudi." Kila alipoiona chini ya lori aligeuza uso.

Baba naye hakumjibu, kwa sababu hawakuwa wanazungumza. Usielewe vibaya, hawakuwa wamegombana. Ilikuwa heshima ya mkwe. Wakikutana njiani baba aliacha njia, akasimama kwenye majani mpaka bibi apite. Hakula mbele yake, hakuingia jikoni kwake, na neno lolote kati yao lilipitia kwangu. Walikuwa wanaweza kuwa hatua kumi tu, baba nje ya ua, bibi ndani, na baba akasema, "Mwambie bibi yako kwamba kesho naelekea Iringa." Bibi amesikia kila neno, lakini anainua macho anasubiri nimweleze. Nami namweleza. Ila ukweli ni kwamba ndani ya heshima ile kulikuwa na ubaridi pia. Bibi alitaka binti yake aolewe na mkulima, na si na mtu ambaye leo yuko Tunduma na kesho Makambako, tena wa msikitini wakati yeye ni wa kanisani. Hakulisema mbele ya watu. Aliniambia mimi, tukichambua mchele, kama mtu anayejisemea.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, bibi alianguka. Tulikuwa tunatoka shambani, yeye mbele na beseni la mpunga kichwani, mimi nyuma na jembe. Pale tunapovuka mfereji palikuwa na gogo, na asubuhi ile gogo likabingirika. Nilisikia mlio kama kuni inayovunjwa kwa goti. Bibi hakupiga kelele. Alikaa kwenye tope, ameshika paja, akaniambia nikamwite jirani, kisha akaniambia nisiache mpunga ule uliwe na ndege.

Wanawake walimbeba juu ya mlango wa mbao mpaka zahanati. Muuguzi akafunga mguu na vibao viwili, akasema wazi kwamba paja limevunjika na kazi ile ni ya hospitali ya Mbeya. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mgonjwa mwingine na hakuna aliyejua litarudi saa ngapi. Nikakimbia mashineni.

Baba alikuwa ndani ya machela. Nilipomweleza aliinuka kwa haraka akajigonga kichwa kwenye chuma, wala hakujishika. Lori lilikuwa limepakiwa nusu. Mwenye mashine, mtu mwema, akajitolea kuwaita vibarua wayashushe magunia yote ili gari liwe jepesi.

"Yaache," baba akasema. "Lori tupu linaruka kama mbuzi. Yakiwamo litatulia."

Kisha akafungua machela. Akapanga magunia sawasawa sakafuni, akapanda juu ya bodi na kuifunga machela kwenye vile vyuma vya upinde vinavyoshika turubai la mvua, akatandika godoro lake la kabini ndani yake. Akajilaza, akajitikisa, akashuka akakaza kamba ya kushoto. Akajilaza tena. Alirudia mara tatu, nami nilisimama pale nikitaka kumwambia afanye haraka, lakini nilimwona midomo ikisoma dua nikanyamaza.

Kule zahanati, bibi alichungulia dirishani kutoka kitandani, akaona kinachoning'inia kwenye lori, akageukia ukutani. "Mwambie baba yako," aliniambia, "mimi sipandi kitu kile. Aniache hapa hapa."

Niligeuka nimfikishie. Baba alikuwa mlangoni, amesikia. Desturi ilikuwa asubiri. Nikafungua mdomo, naye akaniwekea mkono begani kunisogeza. Akavua kofia, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. Mmoja wa wanawake waliokuwa chumbani akaanza kutoka nje kwa aibu.

"Mama," baba akasema, "leo sitamtuma mtoto. Nisamehe kwa kukusogelea. Ukilala chini, kila shimo la barabara litauvunja huo mguu upya. Kwenye machela utaning'inia, shimo litabaki kwenye magurudumu. Mimi nimelala mle miaka yote, na kila safari nimerudi nyumbani kwa binti yako."

Bibi hakugeuka. Nilisikia kuku nje wakiparua. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Na ni wewe utakayeendesha?"

"Ni mimi, mama."

"Basi nibebe. Ila usikimbize."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza, baada ya miaka kumi na moja ya ukwe.

Baba na mwenye mashine, aliyekuwa amekuja nasi, walimwinua kwa shuka, wakamlaza taratibu. Mimi nilikaa juu ya magunia, nimeshika pindo la machela isiyumbe sana, na baba akanipa kazi: gonga kabini mara moja, napunguza, gonga mara mbili, nasimama. Tukaondoka. Barabara ile wakati huo ilikuwa mashimo na vumbi jekundu. Nilikuwa naliona shimo linakuja, nagonga, lori linainama taratibu kama ng'ombe anayelala, na bibi anabembea juu yake, kidogo tu, kushoto, kulia. Mwanzoni alikuwa ameuma ncha ya kanga. Tulipofika barabara kuu ya lami akaitoa mdomoni.

Karibu na Chimala, milima ilipotokea mkono wa kushoto, aliniuliza kama hiyo ndiyo milima anayoiona kila siku kutoka shambani. Nikamwambia ndiyo. Akasema kwa karibu ni mikubwa kuliko alivyodhani. Kisha akaniuliza kama baba yangu hulala humu hata kwenye baridi ya Makambako. Nikasema hulala.

Baada ya Igurusi akanyamaza kabisa. Nikamwita, kimya. Nikamtazama, mdomo uko wazi, mkono umening'inia nje. Nikakumbuka wale waliokwenda wasirudi, nikagonga kabini mara mbili, halafu mara nyingi bila hesabu. Baba alisimamisha lori pembeni, akaparamia bodi, akaweka sikio karibu na uso wa mama mkwe wake. Kisha nikasikia na mimi. Bibi alikuwa anakoroma.

Baba akakaa juu ya gunia, akacheka bila sauti mpaka machozi yakatoka, na machozi yakaendelea kutoka hata alipomaliza kucheka. Akanipangusa uso kwa kofia yake. Tukaendelea polepole mpaka Mbeya, na bibi aliamka tunaingia Uyole, akauliza kwa nini kuna baridi hivi.

Hospitalini walimfunga mguu, wakauning'iniza kwa mawe ya uzito kwa wiki nyingi. Mama yangu alipeleka chakula asubuhi. Jioni, kama yuko mjini, alipeleka baba, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Waligundua kwamba wote wawili ni wabishi. Walibishana kuhusu mpunga gani unanukia zaidi, na kama Iringa wanajua kupika wali. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walidhani ni mama na mwanawe wa kumzaa. Bibi alirudi Ubaruku anatembea na mkongojo, akavuna misimu mingi baadaye, na alipofariki alikuwa kitandani kwake, sisi tumemzunguka.

Mengi ya nyakati zile hayapo. Barabara imebadilika, mashine ni kubwa na zina maghala ya kivuli, na lori la buluu liliuzwa likakatwa vyuma. Baba naye ametangulia. Hata ule ukwe wa kuacha njia, wanangu wakisikia wanadhani natunga. Kuna siku nauonea huruma, maana ulikuwa na adabu yake, na watu walijua kupeana nafasi.

Lakini nikifika Ilomba na mume wangu, mama hutoka mlangoni mwenyewe. Hamtumi mtu. Humshika mkwe wake mkono, humwuliza za safari ya kutoka Iringa, humvutia kiti jikoni karibu na moto kwa sababu ya baridi. Safari hii niliwaacha huko nikaenda kuogesha watoto. Nilipopita koridoni niliwasikia wanabishana kuhusu pilipili, mama anasema imezidi, mume wangu anasema haijafika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kushindwa. Nikasimama pale na taulo mkononi, nikawasikiliza kwa muda mrefu.