Mgeni wa Jumanne

Kila Jumanne asubuhi, kabla muuguzi hajapiga simu ya video, mama alinitaka nimwogeshe, nimpake mafuta, nimfunge kitambaa chake cha kanisani na kumketisha kitini, mito miwili mgongoni. Saratani ilikuwa imeshaingia mifupani. Hospitali ilikuwa imeturudisha nyumbani, Shauri Moyo, na kutukabidhi kwa huyu muuguzi ili maumivu yasimtese. Lakini kwa mama, yule alikuwa mgeni, na mgeni hapokelewi ukiwa umejilaza na leso.

"Mama, umeamkaje?"

"Vizuri sana, sista, tunamshukuru Mungu. Watoto wako hawajambo?"

Mimi niliyeshika simu nilitamani kuirusha dirishani. Usiku kucha nilikuwa nimemsikia akisaga meno. Nikijaribu kusema, alinikata jicho ninalolijua tangu utotoni. Basi dozi ya morfini, dawa yake ya maumivu, ikabaki ilivyokuwa, nami nikawakasirikia wote wawili, mmoja kwa adabu zake na mwingine kwa kuziamini.

Kumbe muuguzi naye hakuwa amedanganyika. Jumanne moja aliacha kabisa kuuliza hali.

"Mama, nikija kukutembelea utanipikia nini?"

Mama akachangamka. "Isyo! Mahindi na maharagwe, nikukaangie na kitunguu na nyanya. Utakula mpaka ushindwe kuinuka."

"Utapika mwenyewe?"

"Kwani mgeni wangu apikiwe na nani? Huyu?" Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ataunguza."

"Na sufuria utaiinua?"

Mama akaiangalia mikono yake.

"Hapana, mwanangu. Siku hizi hata kijiko kinanishinda. Nikigeuka kitandani naumwa mpaka nataka kupiga nduru."

Mimi binti yake hakuwahi kuniambia hilo. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Muuguzi alimuuliza taratibu ni wapi panauma na ni wakati gani, akaongea na daktari, na kabla ya chakula cha mchana akatupigia tena kutupa kipimo kipya cha morfini. Niliipima ile dawa ya maji mara mbili, maana majirani walishaniambia kwamba hiyo ni dawa ya kumsindikiza mtu kaburini.

Mama akalala. Alilala mchana kutwa, mdomo wazi, akikoroma, nami nikaketi kando yake kuusikiliza mkoromo ule kwa raha zangu.

Siku chache baadaye nilimkuta ameamka kabla yangu, ameketi mwenyewe ukingoni mwa kitanda, anakagua chumba.

"Hii nyumba ilifagiliwa lini?" akauliza. "Na mapazia yangu umeyapeleka wapi? Nikinyamaza kidogo tu, mnageuza hapa stoo?"

Kwa miezi mingi mama alikuwa mpole, na sisi tulidhani ugonjwa umemtuliza. Kumbe ni maumivu tu yaliyomnyamazisha. Nikachukua ufagio. Alinigombeza asubuhi nzima, kona hadi kona, na sijawahi kufagia kwa furaha namna ile.