Joto Lililomfukuza Mama Mkwe

Mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Nilikuwa mkamwana mpya pale kijijini Dutwa, soko huria ndio kwanza limeanza, wanunuzi binafsi wa pamba wanagombania mzigo na maduka ya dawa yanafunguliwa kila kona. Nami ulimi wangu haukuwa na breki, loo!

Mama mkwe, tuliyemwita Mayu, alikuwa amekoma kuona siku zake. Sikujua. Nilichoona ni mama anayelowa jasho hata alfajiri ya baridi, halali, macho mekundu. Usiku alitoka uani na kanga moja akijipepea, kisha akanywa maziwa ya mgando kwenye kibuyu chake. Alisema yanamtuliza tumbo, maana nalo lilikuwa limevurugika.

Basi siku hiyo kisimani nikawaambia wenzangu, "Jamani, mama yetu halali. Anazunguka uani usiku, kibuyu mkononi." Nilitaka wacheke tu. Hawakucheka. Mmoja akauliza, "Na macho yake?" Nikasema, "Mekundu kama pilipili." Mungu wangu! Kwetu mama mtu mzima akisemwa hivyo, ameshaitwa mchawi.

Wiki haikuisha. Wanaume walikuja na marungu, wakavunja kibuyu mlangoni, wakamwambia jua lisizame akiwa bado kijijini. Mume wangu, mwanawe wa kumzaa, alinyamaza. Nami nilinyamaza, tena mimi ndiye niliyejua habari imetoka wapi. Mayu alifunga nguo zake, akanitazama. "Mkamwana," akasema, "ungeniuliza tu. Ningekwambia." Akaenda kwa kaka yake, kule kijiji cha Mwandoya. Hakurudi, tulimfuata kwenda kumzika.

Miaka ikapita, joto lile lile likaingia mwilini mwangu. Nilikwenda zahanati. Nesi akaniambia ni ukomo wa hedhi, wanawake wote tunaufikia. Nikamuuliza kuhusu maziwa ya mgando. Mtindi, akasema, una vijidudu vyema vinavyosaidia tumbo, kwa hiyo ninywe. Ila nisiutegemee kwa joto, likizidi nimwone daktari. Maneno ya dakika chache hayo, mwanangu. Mama wa watu alifia ugenini kwa sababu hakuna aliyeyatafuta.

Nilitubu kanisani, nikaambiwa nimesamehewa. Mbona moyo haukubali? Kila nikitokwa jasho namwona yeye amesimama uani, na mimi nachungulia dirishani badala ya kwenda kumshika mkono.

Sasa nisikilize. Mama yako, awe aliyekuzaa au mama mkwe, akilowa jasho, mpepee. Akikosa usingizi, keti naye umuulize anavyojisikia. Mgandishie maziwa kama yanamkubali, mpeleke hospitali, na habari za mwili wake usizitoe nje ya nyumba. Wakija kumsema, simama mlangoni wewe. Mimi wa kumwomba radhi sinaye tena, na sitampata. Wewe bado unaye. Mungu akupe ulimi mzito na masikio mepesi, mwanangu, akujalie uzeekee nyumbani kwako, na ufie nyumbani kwako.