Fundi Panda-Shuka na Mwiko wa Mama Yake

Katika jengo moja la ghorofa kumi na mbili palikuwa na fundi wa lifti, mwanamke mrefu mwembamba, aliyeitwa Panda-Shuka. Jina hilo alibandikwa na mlinzi wa getini siku yake ya kwanza kazini, nalo likamganda. Hakulichukia, maana nyumbani alikozaliwa alikuwa na jina baya kuliko hilo. Mama yake alikuwa na watoto sita, na kila alipokasirika majina yote yalimruka, akawa anawaita kwa namba. Panda-Shuka alikuwa Wa Nne.

"Wa Nne! Hebu njoo hapa!" Na Wa Nne akijua ana kosa, alijificha, akaja Wa Tatu.

Walilelewa kijijini, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyokaa mgongoni mwa kilima, na mbuzi kumi na mmoja ambao nao walijiona ni watoto wa nyumba. Baba yao alikuwa mtu wa maneno machache. Ungeweza kushinda naye kutwa nzima ukaondoka na "Naam" mbili na "Haya" moja. Kazi ya kusema aliiachia mikono yake. Alichonga kapi la mbao, akalifunga juu ya kisima, na kila mtoto aliyefikisha miaka saba alikabidhiwa kamba na ndoo.

"Vuta," alisema. "Ukichoka, funga kamba kwanza. Halafu ndiyo uchoke."

Wenzake walikichukia kisima. Wa Nne alilipenda lile kapi kupita kiasi. Mara tatu alilifungua aone kinacholizungusha, na mara zote tatu baba alimkuta amekaa chini, vipande vimejaa mapajani. Mtoto akajikunyata kungoja kofi. Baba akavuta kigogo, akakaa.

"Haya, rudisha."

Hakuondoka mpaka liliporudi mahali pake. Mara ya tatu ilibaki pini moja mkononi, na kapi likazunguka vizuri kuliko zamani. Baba aliitazama ile pini, akamtazama binti, akaitia mfukoni.

Mama ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Ila naye alikutana na kiboko yake kila jioni, watoto sita walipomvamia jikoni kwa mpigo. "Mama, kanifinya!" "Mama, kaanza yeye!" "Mama, mbuzi kala daftari langu!" Siku moja uzalendo ukamshinda. Akachomoa mwiko chunguni, akaugonga mezani, mchuzi ukaruka hadi ukutani.

"Kuanzia leo, mwenye mwiko ndiye mwenye mdomo! Wengine kimya. Ukimaliza, mpe mwenzako. Na asiye na la kulalamika atuambie kilichomchekesha leo."

Basi ikawa sheria. Mwiko ulizunguka kila jioni. Kitinda mimba, aliyekuwa na miaka minne, miezi miwili mfululizo alikuwa na lalamiko moja tu: kwamba mwiko ulikuwa wa moto.

Panda-Shuka alipokwenda chuo cha ufundi mjini, mambo hayo yote aliyafungia sandukuni. Wenzake walizungumzia televisheni za kwao, baiskeli zao, vyumba vyao vya kulala peke yao. Yeye alisema kwa maringo, "Sisi kwetu tulikuwa na mashine ya kuvuta maji." Hakusema kwamba mashine yenyewe ni yeye. Hata alipoanza kazi, akiulizwa alikokulia alijibu, "Upande wa juu kule," na kwa kuwa alikuwa fundi wa lifti, watu walidhani anataja ghorofa.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuwa anapanda na lifti aliyokuwa ameifanyia matengenezo, asikilize kama bado inaguna. Ndani alikuwa na watu watatu: wakili mwenye tumbo lililotangulia, dada wa mapokezi, na bibi mmoja aliyetoka kuchukua miwani mipya kwenye duka la ghorofa ya pili na sasa alikuwa anakwenda kumwona mkwewe ghorofa ya kumi. Kati ya ghorofa ya saba na ya nane lifti ikaguna, ikatikisika, ikatulia tuli.

Wakili akabonyeza kengele kwa kiganja kizima. "Fundi yuko wapi? Hawa watu wanalipwa kwa kazi gani? Fundi!"

Panda-Shuka alikuwa amempa mgongo, na mgongoni mwa ovaroli yake paliandikwa kwa herufi kubwa: FUNDI WA LIFTI.

Akageuka taratibu. "Abee," alisema.

"Sasa mbona uko humu ndani?" wakili akauliza.

"Na mimi najiuliza hilohilo, mzee."

Tatizo lilikuwa juu, kwenye chumba cha mashine. Akampigia simu fundi mwenzake, naye alikuwa jengo jingine, upande wa pili wa mji. Dakika arobaini, alisema, barabara zikimruhusu. Kusikia hivyo, wakili akalegeza tai na kuanza kutishia mashtaka. Dada wa mapokezi akaangua kilio. Bibi akaanza kusali kwa sauti, na katikati ya sala akawa anamgombeza dada aache kulia. Kila mmoja alimpandia mwenzake sauti.

Panda-Shuka alifumba macho. Kelele ile aliijua. Ilikuwa kelele ya jikoni kwao, ilikosekana tu harufu ya moshi. Akachomoa spana kubwa kiunoni, akaigonga ukutani mwa lifti, ngaa!

"Mwenye spana ndiye mwenye mdomo! Wengine kimya!"

Yeye mwenyewe alishtuka. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mama yake, haikupungua hata kidogo.

Akampa bibi kwanza, kwa heshima ya umri. Bibi akaishika spana kwa mikono miwili. "Mimi nimekuja kuchukua miwani ya kusomea, wamenipa ya kuonea mbali. Sasa nimekwama na watu watatu na sura ya hata mmoja siioni. Nimemaliza."

Spana ikaenda kwa dada wa mapokezi. Alifuta machozi, akaitazama, akapata ujasiri ambao hakuwa nao maishani. "Huyu baba," akamnyooshea wakili, "anapita mezani kwangu kila asubuhi. Mwaka wa tatu huu. Hajawahi kunisalimia."

Wakili akafungua kinywa.

"Hujashika spana," bibi akamkata.

Akapewa. Akaipima mkononi kama mtu anayetafuta kifungu cha sheria. Alianza na usimamizi wa jengo, akapita kwa waliotengeneza lifti, halafu maneno yakamwishia. "Kusema kweli," alisema kwa sauti ndogo, "ninaogopa lifti. Kila asubuhi nikifika pale mapokezi, ninakuwa nimeshaanza kuiogopa. Simwoni mtu." Akamgeukia dada. "Habari za asubuhi."

"Nzuri," dada akajibu. "Shikamoo."

"Marahaba."

Spana ikamrudia fundi. Hakuwa na la kulalamika, na sheria anaijua. Akawasimulia jinsi mbuzi alivyokula daftari lake, naye, kwa kuhofia mwalimu hataamini, akamburuta mbuzi mpaka darasani awe ushahidi, na mbuzi kabla hajahojiwa akala chaki zote na kipande cha daftari la mahudhurio. "Wiki nzima," alisema, "hakuna aliyejua nani kaja shule na nani hakuja."

Fundi mwenzake alipofanikiwa kufungua mlango aliwakuta watu wanne wamekaa sakafuni, machozi yanawatoka. Akapiga yowe la kuomba daktari. Ilibidi asubiri kidogo mpaka mmoja wao apate pumzi ya kumwambia kwamba wanacheka.

"Binti," wakili aliuliza akijipangusa, "haya mambo umesomea wapi?"

"Jikoni kwa mama yangu," alijibu. "Kijijini, kule tulikokuwa tunavuta maji kwa kamba."

Mwishoni mwa juma akaomba ruhusa, akaenda kwao. Njia nzima alitunga hotuba ya shukrani. Alimkuta mama uani anapukuchua mahindi kwenye sinia, akaamkia, akapiga magoti, akaanza, "Mama, nimekuja kukushukuru..."

"Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Umefukuzwa kazi?"

Ikabidi amsimulie habari yote, lifti, spana na wakili. Mama alicheka mpaka mahindi yakamwagika.

"Mwanangu, nikwambie ukweli? Nilikuwa siwasikilizi. Ule mwiko ulikuwa njia yangu ya kupika kwa amani. Mdomo mmoja ukisema, unaweza kuendelea na kazi. Sita, hapana."

"Hata lalamiko moja hukulisikia?"

Mama alipukuchua hindi zima kabla ya kujibu. "Moja. Ulisema hujawahi kupata kitu ambacho hakikuwa cha mtu kabla yako. Nguo ya dada yako, viatu vya kaka yako. Hukulia, ulisema tu, ukampa mdogo wako mwiko. Lile lilinikaa. Nikamwambia baba yako."

Panda-Shuka alikumbuka. Siku chache baadaye baba alimpa bisibisi, mpya, bado ina karatasi yake. Miaka yote alidhani baba aliiokota mahali. Akamgeukia mzee, aliyekuwa kwenye kigogo chake anachonga mpini.

"Baba, kumbe ni kwa ajili hiyo?"

"Naam," alisema baba. Kisha, kwa kuwa macho ya binti yalikuwa yanaanza kulowa na yeye hakujua afanye nini na jambo kama hilo, akaongeza maneno mengi kuliko kawaida yake: "Bati la jikoni linavuja. Na wewe ni mtu wa juu juu."

Basi akavaa ovaroli, akapanda na nyundo. Kule juu aliiona nyumba yote ya vyumba viwili, mbuzi, kisima, mama na sinia lake, baba na mpini wake. Hotuba aliyoitunga ikampotea yote. Ikabaki robo tu, naye akaitoa kwa nguvu zake zote:

"Mama! Baba! Asanteni kwa kunilea!"

Jirani aliyekuwa analima bondeni akasimamisha jembe, akapaza sauti, "Kuna nini huko? Nani kafa?"

"Hajafa mtu!" mama akajibu. "Ni huyu Wa Nne, anashukuru!" Kisha akainua uso kuelekea paani. "Tumesikia. Sasa piga misumari, chakula kinapoa."