Kalori Alizonihesabia Baba Wairimu

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hainitoki akilini. Nilikuwa nimerudi nyumbani Uthiru kutoka jimu ya mjini, mikono imechoka kwa vyuma nilivyonyanyua, nikamkuta mume wangu, Baba Wairimu, ameketi sebuleni na simu mkononi. Hata pole hakunipa.

"Lisaa lizima la mazoezi, na kalori ndio hizi tu?" aliniuliza. "Juzi umetembea tu mpaka soko ya Kangemi ukachoma nyingi kuliko hizi. Sasa niambie, huo wakati wote ulikuwa wapi?"

Nilivaa saa ya mkononi inayohesabu kalori na mapigo ya moyo. Alikuwa amenizawadia yeye mwenyewe, na kila ilichopima kilifika kwenye simu yake. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikuwa nakifunga mkononi kila asubuhi.

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Dukani kwake, alikouza misumari na rangi, wateja walimsifu kwa upole. Lakini alikuwa amesikia jina la Salim, kijana wa Lamu aliyetufundisha kunyanyua vyuma, na tangu hapo chakula hakikumshuka.

Nami kwa kutafuta amani nikaanza kuidanganya saa. Kila nilipoweka chuma chini nilitembea huku na huku nikipunga mkono, mpaka wenzangu wakanicheka. Kalori zikapanda. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Nilifika nyumbani nikitarajia tabasamu.

"Leo moyo umekupiga sana," akasema akiitazama simu. "Ni huyo Salim?"

Nililia jikoni, sitakuficha. Aliponifuata huko na kuniambia nichague, jimu au nyumba yake, nilifuta machozi, nikaivua ile saa, nikamfunga yeye mkononi.

"Kuuliza si ujinga, Baba Wairimu. Jumamosi twende, ukanyanyue wewe."

Alikuja na viatu vya kanisani. Salim akamkaribisha kwa heshima, akampa chuma chepesi kuliko changu. Hilo lilimuuma, akadai kizito. Akainua, akashusha, akapumzika, akainua tena, mpaka shati likamganda mgongoni. Mwishowe akaitazama saa. Kalori zake zilikuwa chache kuliko zangu.

"Hii kitu imeharibika," akasema.

"Haijaharibika, mzee, inakisia tu," Salim akamjibu. "Inasoma mapigo ya moyo na vile mkono unavyobembea. Kwa vyuma mtu hunyanyua kidogo, hupumzika sana, na mkono ulioshika chuma umetulia. Kazi mwili umefanya, lakini saa haiwezi kuiona yote."

Tulishuka ngazi, tukapita katikati ya wachuuzi, ndipo akasema bila kunitazama, "Mimi sikuwa nahesabu kalori, Mama Wairimu."

"Najua. Ulikuwa unaogopa."

Akaitikia kwa kichwa. Jioni hiyo aliondoa habari za saa yangu kwenye simu yake.

Ningekudanganya nikisema wivu uliisha siku hiyo. Kwa muda mrefu, nikichelewa kurudi, niliuona ukipita machoni pake. Ila sasa aliuliza, nami nikamjibu ukweli, hata ulipokuwa mchungu.

Basi wewe unayejiandaa kuolewa, shika haya. Kalori za saa ni makisio; usizifanye shahidi. Ukinyanyua vyuma, jipime kwa uzito ulioushinda leo ambao zamani ulikushinda. Mwenzako akikuonea wivu, usimtulize kwa uongo, kwa sababu wivu haushibi. Ukiupa kidogo hudai zaidi. Kaeni chini, mtaje kile kinachoogopwa. Na wivu ukija kwako wewe, maana utakuja, uliza kabla hujahukumu.

Mungu akujalie nyumba ya watu wanaosemezana, mwanangu, akupe mifupa migumu na moyo mwepesi, na atakayekungoja mlangoni akungoje kwa furaha.