Tumbo Yangu Imemupa Mama Furaha Nafasi

Wadada, leo tumbo yangu mwenyewe imenisaliti.

Munajua Masera, ule mutawa wa kike, anatufundisha jimnastiki pa misioni, siye wamama wa Muheto. Leo alitaka kuchagua mama wa kuongoza wengine siku ya sikukuu. Nafasi ile nimeiombea mpaka kwa rozari.

Alituambia tukuje bila kula. Lakini mimi ni mulimaji, nani anaenda kazini na njaa? Nikakula maharagi, nikashushia na maziwa ya kuganda.

Jirani yangu Mama Furaha akainama, vidole vikagusa chini, mwepesi kama hajazaa.

"Vizuri sana," Masera akasema.

Wivu ikanichoma. Nikainama kumupita.

Tumbo ikanguruma. Wote wakasikia.

"Mvua inatoka Rubaya," mumoja akasema. "Tuanue maharagi."

Nikabaki nimejikunja palepale, maumivu imenifunga. Njo Mama Furaha akaacha mazoezi yake, akaniinua, akaniketisha kwenye kivuli, akanisugua mugongo polepole.

Masera akatuangalia.

"Huyu mwenye kusaidia wengine, njo ataongoza."

Mungu anisamehe. Hata kwa huruma ananipita.

Na mugongo iko inapenda mukono wake. Ninyi mungeusukuma mukono ule?