Pasi Niliyompa Wani

Nimekaa na hii aibu miezi saba na nimechoka kuikwepa, kwa hivyo acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kule mtaa wa Gudele, kwa sababu wenzangu wa Gudele wanaisimulia vibaya, wanasema nilikuwa nimelewa (siku ya mechi sionji pombe kabisa, na siku nyingine ni kidogo tu). Sikuwa nimelewa. Nilikuwa golini, na akili zangu timamu, nikampa pasi mtu tuliyemzika wenyewe.

Wani alikuwa kiungo wetu wa chini. Timu yetu ilipenda kuanza mpira kutoka nyuma, pasi fupi fupi, jambo ambalo kwenye uwanja wa vumbi kama wetu ni wazimu mtupu kama huna mtu wa kazi hiyo, na mtu wetu alikuwa yeye. Nikiwa na mpira, anashuka katikati ya mabeki wawili, anaupokea, anageuka mara moja, na wale waliokuwa wanatukimbiza wanabaki wanatazamana. Mimi hata sikuwa namtazama. Alikuwa ananiita, "Mimi iko!", Kiswahili chake cha Uganda alikokulia, na sisi tuliokulia Kenya tulimcheka kwa hilo kila siku, lakini sauti ikitoka tu, mguu wangu unasukuma mpira kule ilikotoka. Malaria ikamuua ndani ya siku nne.

Wiki chache baadaye tukaingia fainali na timu ya mtaa wa Gurei. Tulikuwa tumeahidi kombe litapelekwa nyumbani kwa mama yake, na mama mwenyewe akaja, akaweka kiti chake cha plastiki karibu na goli. Kocha wetu Otieno, mwalimu kutoka Kisumu, akaniita kando kabla hatujaanza.

"Lado, leo hakuna pasi fupi. Hatuna wa kuzipokea. Kila mpira piga mbele, umenielewa?"

"Sawa, kocha."

Kipindi cha kwanza nilitii. Napiga mbele, mpira unarudi, napiga, unarudi, na mashabiki wa Gurei wakaanza kunipigia kelele, "Kipa anawinda ndege!" Mapumziko yakafika hakuna goli, na sisi tulikuwa tunaenda vizuri tu, lakini ule wimbo wa ndege ulikuwa umeniingia (mnanijua nilivyo na kiburi). Nikajiambia, kipindi cha pili nitapiga fupi moja. Moja tu, waone kwamba najua mpira.

Tuliporudi uwanjani upepo ulikuwa umekata. Vumbi likabaki limening'inia hewani, jekundu, halishuki, na kelele za watu zikawa kama zinatoka mbali. Nikapiga ile fupi yangu kwa Taban, beki wangu wa kati, akanirudishia vizuri. Raha. Nikainua kichwa kutafuta ya pili, na hapo, kulia kidogo, mahali pale pale pa siku zote, nikasikia:

"Mimi iko!"

Jamani, mguu haukuniuliza. Nilishaupiga ndipo nikakumbuka. Uwanja wetu una mteremko kuelekea barabarani, mpira hausimami pale hata uubembeleze, lakini ule ulienda ukasimama kabisa, kama mtu ameukanyaga. Straika wa Gurei alikuja mbio, akafika karibu nao, naye akasita. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Halafu akapiga. Goli.

"Ulikuwa unampa nani?" kocha akapiga kelele.

Nikamtazama Taban. Taban alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikajituliza, nikasema huyu straika ameambiwa jinsi Wani alivyokuwa akiita, ananichezea, nitamkomesha. Zilipobaki kama dakika kumi, Taban akanirudishia mpira na nikaapa moyoni, huu unaenda juu. Nikarudi hatua mbili nipige. Na sauti ikaja tena, safari hii chini, nyuma ya sikio langu, na pumzi za mtu aliyekimbia sana.

"Mimi iko."

Nikageuka. Nikaacha mpira, nikageukia nyavu na kuuliza kwa sauti (uwanja mzima ulisikia), "Wani, uko wapi?"

Straika alichukua mpira akatembea nao mpaka golini. Watu wakaanza kucheka, kisha kicheko kikafa upande mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mama yake Wani alikuwa amesimama.

Mngedhani ningekoma hapo. Nikamrukia yule straika, nikamkamata jezi. "Nani amekufundisha kumuigiza?"

"Ya zol, bwana wee, mimi sijafungua mdomo!" akasema.

Kadi nyekundu. Taban akavaa glavu zangu, nami nikatoka nimeinamisha kichwa, na njia ya kutokea ilipita mbele ya kile kiti. Nikaomba radhi, "Malesh, mama," nipite haraka. Akanishika mkono.

"Alisema nini?"

"Alisema mimi iko."

"Alikuwa anahema?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya zile pumzi. "Ndiyo, mama."

"Hata nyumbani huwa anahema," akasema, akakaa, akaendelea kutazama mechi.

Tulifungwa mbili bila, na kombe likaenda Gurei. Kuomba msamaha kwa timu kulinichukua wiki nzima, na wa mwisho alikuwa Taban, kwenye karakana ya milango anakofanya kazi, mtaa wa Hai Mauna. Alinisikiliza huku anapiga msasa, hakuinua macho. "Mimi pia nilisikia," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakurudishia wewe, nisimpe yeye."

Ningemsikiliza kocha, haya yote yasingekuwa. Sasa tuna kiungo mpya, Mkenya anayefanya kazi benki, ana mguu mtulivu na anashuka vizuri kupokea. Nimemwomba jambo moja, asiniite kamwe. Anyooshe mkono tu. Mimi nitatazama, nihakikishe kuna mtu chini ya ule mkono, ndipo nipige.