Kiatu cha Kushoto cha Chausiku

Hii ninayowaandikia hamtaiamini, na hasara ni yenu. Mimi Othman, niliyeacha shule darasa la sita, nimeteleza juu ya theluji na mbao miguuni! Lakini habari ni ya Chausiku, mtoto wa dada yangu, muuza viatu vya shule Kariakoo. Huyu hata mtoto akimpa shikamoo hujiuliza anatafuta nini.

Mwaka tisini na tisa, mwezi wa tatu, tuko Guangzhou, China, kumwagizia viatu, mimi mkalimani wake, tunatoka jasho, laobani Chen, yaani tajiri mwenye kiwanda, akatualika mlimani huko kaskazini, tukacheze theluji ya mwisho wa msimu. Ndege juu yake.

"Bure?" Chausiku akaninong'oneza. "Huyu aliyeninyima hata chai? Mjomba, hapa pana jambo."

Jambo lenyewe alilijua. Sampuli ya kiatu sisi hugawana na kiwanda: cha kulia hubaki kwao, cha kushoto hukaa na mnunuzi. Siku ya kupakia kontena unatoa chako, unalinganisha soli. Ukikipoteza, utapakiwa viatu vya soli za maboksi na mdomo huna. Na kontena lake lilikuwa lipakiwe tukirudi tu. Basi akapanda ndege na kiatu ndani ya pochi, pochi kwapani, hata chakula alikula kwa mkono mmoja.

Mlimani jua kali, theluji imeshaanza kulainika. Tukavishwa mabuti magumu kama ndoo. Chen anacheka na kila mtu.

"Dada, nipe pochi nikushikie. Utaanguka nayo."

Nikatafsiri.

"Buyao!" Sitaki, ndicho Kichina chake chote. "Mwambie akashike ya mkewe." Akaibeba pochi mgongoni kwa kanga, kama mtoto mchanga.

Hatua mbili tu, mbao zikamchukua. Akashuka kinyumenyume, anapiga yowe, akabwagwa. Kanga ikafunguka, pochi ikaruka kule. Chen alikuwa karibu naye kabisa. Badala ya kumkimbilia mtu, jamani, akakimbilia pochi!

Hapo sasa ndipo nilipoingia mimi. Nikashuka kama mwewe, mguu mmoja juu, nikampita Chen, kiatu kimeshachomoka, nikakidaka hewani kwa vidole viwili huku—

"Mjomba!" Chausiku kasimama nyuma yangu sasa hivi, anasoma ninachoandika. "Pochi niliilalia mwenyewe kwa tumbo langu hili, ndiyo maana mzigo ukaja na soli kamili. Wewe ulikuwa juu kule umekumbatia nguzo, unaniita mama!"